Milango Minne, Nyumba Mbili

Jua la Mbinga mwezi wa Mei huchelewa kama karani wa serikali, na hata likifika halina haraka ya kuanza kazi. Saa moja kasoro robo asubuhi, bondeni chini ya mtaa wa Likwela, ukungu umelalia majani na maji ya kijito yanauma. Ottilia Kinunda anakunja khanga hadi magotini, anavuta pumzi kama mtoto anayesubiri kumezeshwa klorokwini, kisha anaingiza mguu wa kulia kwenye shimo la udongo.

"Yesu na Maria!" anasema. Halafu anaingiza wa kushoto.

Hapo ndipo ofisini kwake, mwaka wa tisa sasa. Anakanyaga udongo mpaka ulainike, anaujaza kwenye kalibu ya mbao, anausawazisha kwa kiganja, anafyatua. Tofali moja. Anajaza tena. Siku njema anafikisha matofali mia tatu. Siku ambayo magoti yamegoma, nusu yake.

"Watu wananiuliza, mama, huogopi kuzeekea kwenye matope? Nawaambia uzee wenyewe hauogopi matope, utanifuata humu humu," anasema. Wanawake watatu wanaofanya kazi naye wanacheka bila kuinua migongo.

Matofali ya leo hayaendi kwa mteja. Ni ya nyumba ya tatu na ya nne, nyumba ambazo hadi asubuhi hii hakuna anayejua kama zitaruhusiwa kujengwa. Milango yake ipo. Imekuwapo tangu mwaka jana, imeegeshwa ukutani, imepakwa vanishi na kila kitu. Hilo ndilo jambo linalowafurahisha watu wa Likwela kuliko harusi.

Ottilia ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa kijiji cha Ruanda, huku huku milima ya Mbinga, kwa wakulima wa kahawa, akaja kuolewa mjini na Urbani Hyera, seremala mwenye mkono mzuri na mdomo usiopumzika. Matofali aliyaanza mwaka 1988, alipochoka kuitegemea kahawa peke yake.

"Kahawa ulikuwa unaipeleka mtoto yuko darasa la tano, malipo yanakuja mtoto anaoa," anasema.

Tofali aliliuza shilingi mbili alipoanza. Leo ni shilingi kumi na mbili, ila kuni za tanuru nazo hazikubaki nyuma. Kinachosalia kinatosha chumvi, sabuni na ada ya mtoto mmoja. Bahati mbaya watoto ni wanne.

Kisha ikaja hii ruksa ya biashara. Kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na msimu ukifika Mbinga inajaa watu ambao zamani hawakuwapo: madereva, wapima mizani, makarani wenye kalamu tatu mfukoni. Kutoka ziwani wakaanza kupanda na wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa Nyasa wanaokaushwa mchangani. Wote wanataka mahali pa kulala, na mji haukuwa na vyumba.

Mmoja wao ni Dafrosa, mama wa kijiji cha Kihagara, kando ya ziwa, anayepandisha magunia ya usipa mara mbili kwa mwezi. Nyumba ya wageni aliyokuwa akifikia ilimpa masharti.

"Waliniambia, wewe mama lala ndani, samaki walale nje," anasimulia. "Sasa mimi na samaki tumepanda gari moja, tumepigwa vumbi moja, leo tutengane kama wachumba waliokataliwa kanisani?"

Ottilia alimsikiliza, akatazama magoti yake mwenyewe, na wazo likamjia. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijenga mji ambao yeye hakuwa na ukuta ndani yake. "Nikipita mitaani nayaona matofali yangu yamekaa chini ya bati, makavu. Mimi niliyeyafyatua nanyeshewa."

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, mzee Tarsisi. Ilikuwa kubwa, ya udongo, imeezekwa kwa nyasi na imeinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani. Mpango wa Ottilia ulikuwa kuiondoa na kusimamisha mahali pake nyumba ndogo nne, kila moja vyumba viwili na jiko. Moja ya kwake na Urbani, tatu za kupangisha. Siku magoti yatakapokataa kabisa kuingia kwenye maji, kodi itembee badala yake.

Aprili mwaka jana kamati inayoshughulikia viwanja ilikubali. Juni nyumba ya zamani ikabomolewa. Urbani, ambaye hajawahi kushtakiwa kwa kosa la kusubiri, akatengeneza milango yote minne mwezi huo huo.

"Mlango haungoji nyumba," anajitetea. "Nyumba ndiyo ingoje mlango."

Kwa miezi mingi haikuwa hivyo.

Chini ya kiwanja cha Ottilia, pale mteremko unapoanza kukaza, anaishi mzee Isidori Ndimbo, miaka sabini na mmoja. Alikuwa karani wa ushirika kwa miaka thelathini, akastaafu na mambo mawili: heshima na taipureta. Miche yake ya kahawa, arobaini na miwili, inaanzia hatua nne kutoka mpaka wa Ottilia. Aliposikia habari ya nyumba nne, akaifunua taipureta.

Aliandika barua saba. Zote zilikuwa na vipengele. Cha kwanza, maji: paa la nyasi hunywa mvua, mapaa manne ya bati yataitema, na yatakapoitema kahawa yake itaondoka na udongo wake. Cha pili, wageni wasiojulikana. Cha tatu, harufu ya samaki. Cha nne, milango ya nyumba hizo isielekee kwake.

Kuhusu maji mzee hakuwa anasingizia. Likwela imekaa mlimani kama mtu aliyekalia ukingo wa kiti, mvua kidogo tu na kila kitu kinateleza. Kamati ikamwelewa. Agosti ikaja barua nyingine: ujenzi usimame mpaka kamati ijiridhishe.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nyumba ya zamani haikuwapo tena kurudi ndani yake. Watu sita, mume, mke na watoto wanne, walikuwa wanalala jikoni, kibanda cha hatua tano kwa nne. Milango minne imeegeshwa nje, na wapita njia wakisimama kuiamkia: "Shikamoo mlango! Wa ndani hamjambo?" Mvua za Novemba zilikuwa miezi mitatu mbele. Zingewakuta hapo.

Na mzee aliyemfunga mikono ndiye huyo huyo ambaye Ottilia humpigia goti kila asubuhi. Isidori alikuwa rafiki wa mzee Tarsisi, kwa hiyo ni baba, na baba haamkiwi kwa kusimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka jikoni, baba."

"Poleni sana. Watoto wazima?"

"Wazima. Baba, zile barua..."

"Barua ziko ofisini, mkwe. Hapa tunasalimiana."

Ottilia anasema alikuwa anainuka pale chini na goti lina vumbi na moyo una moshi. "Kumpinga mtu huku umempigia goti ni kazi ngumu. Hasira inakosa urefu."

Jibu alilipata shimoni, anakanyaga udongo. Alikumbuka mashamba ya kwao Ruanda, milima iliyosimama wima ambayo Wamatengo wameilima tangu zamani na udongo wake bado upo pale pale. Siri yake ni ngolo. Unalaza nyasi chini kwa mistari inayokatana kama mkeka, unachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo unaoutoa. Mlima wote unabaki na mashimo safu kwa safu. Kila shimo linakunywa maji yake, na likishiba, la chini yake linapokea.

"Nikajiuliza, babu zangu waliufunga mlima mzima, mimi nishindwe na uwanja?"

Nyasi hakuzitafuta mbali. Paa la mzee Tarsisi lilikuwa limerundikwa pembeni linasubiri kuchomwa. Akalichukua, akalilaza sehemu ya chini ya kiwanja, kati ya mahali pa nyumba na kahawa ya mzee Isidori, na akaanza kuchimba yeye na wenzake watatu.

Shida ni kwamba ngolo huchimbwa Machi, ardhi ikiwa laini, tayari kwa maharage. Ottilia alikuwa anachimba Septemba, ardhi kavu kama biskuti ya jeshi. Hakuna Mmatengo anayeona mtu akichimba ngolo asifikirie maharage. Likwela yote ikafikia uamuzi mmoja: mama wa watu ameshindwa, amerudia ukulima, na uchungu umemsahaulisha hata kalenda.

Wanawake wa jumuiya wakaja kumpa pole. Mmoja akashauri aombewe. Na jioni ya siku ya tatu akaja mzee Isidori mwenyewe, amevaa koti, mkononi ana kibaba cha mbegu za maharage kilichofungwa kwenye gazeti.

"Mkwe wangu, nimefurahi," alisema kwa sauti ya msibani. "Kulima si aibu. Ila mwezi umekosea. Hizi zitunze mpaka Machi."

Ottilia akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili. "Asante sana, baba."

"Sikumdanganya," anasema leo, akijitahidi asicheke. "Kanipa maharage, nikashukuru. Hakuniuliza mashimo ni ya nini."

Ujanja huo nusura umponze. Habari za shamba la Ottilia zilipanda mlima zikafika ofisini, na wiki iliyofuata akateremka afisa ardhi, Valence, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye si mzaliwa wa huku. Alikuwa na faili kwapani na viatu vinavyong'aa.

"Mama, hiki ni kiwanja cha makazi," alisema. "Ukikigeuza shamba, kibali kinakufa chenyewe. Sitakuwa na la kukusaidia."

Hapo ndipo Ottilia alipoelewa kwamba watu wote, rafiki na adui, wameona kitu kimoja, na kitu hicho sicho alichokichimba.

"Mwanangu," alimwambia, "vua viatu, uingie kwenye shimo moja."

Valence akavua. Akasimama shimoni, tuta la udongo likimfika magotini, akatazama juu kwenye mahali pa nyumba, akatazama chini kwenye kahawa. "Hivi maji yakitoka pale..." alianza.

"Ee," alisema Ottilia. "Endelea hivyo hivyo."

Jumatano ya mwisho wa Septemba kamati ikaja nzima, watu sita. Mzee Isidori alikuwa ametoa kiti nyumbani kwake, amekiweka katikati ya kahawa, amekunja suruali na kukaa anasubiri mafuriko. Wafyatua matofali walikuwa wameviringisha mapipa manne kutoka kijitoni na kuyajaza tangu alfajiri. Ottilia akainua mkono. Wakayaangusha yote kwa pamoja.

Maji yakashuka kwa kelele. Safu ya kwanza ya mashimo ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikalowa nusu, kelele ikaisha. Ya nne ikabaki na vumbi lake. Kuku mmoja akapita juu ya tuta, akatazama mkutano, akaendelea na shughuli zake. Watu wote wakageuka kuitazama miguu ya mzee Isidori. Ilikuwa mikavu.

"Pipa si mvua," alisema mzee, bila kuinuka.

"Na kiti si shahidi, baba!" Urbani akadakia kutoka kwenye milango yake. Ottilia akamkata jicho ambalo Urbani anasema analihisi hadi leo.

Lakini mwenyekiti wa kamati alisema mzee ana haki. Pipa si masika. Uamuzi ukawa huu: zijengwe nyumba mbili, upite msimu mmoja wa mvua, na maji yasipofika kwenye kahawa, kamati itazungumzia zile mbili nyingine.

"Nililia," anasema Ottilia. "Jicho moja la zile mbili nilizopewa, jingine la zile mbili nilizonyimwa."

Watu walipotawanyika mzee Isidori alibaki. Alikwenda kwenye tuta, akaufukua udongo kwa fimbo, akaona majani.

"Haya ni ya paa la Tarsisi?"

"Ndiyo, baba. Nyumba iko hapa hapa. Imelala tu."

Mzee aliufunika udongo kwa ncha ya kiatu, akabeba kiti chake akaenda.

Ukimuuliza leo, mzee anajibu kama anayesoma mafaili. Anasema katika ujana wake walikuwa wakila sengu katika nyumba ile: wanaume wa ukoo na majirani wanakusanyika kwa mkubwa wao, kila mke analeta chungu chake, wanakula pamoja na mashauri yanakwisha hapo hapo. "Nyumba moja, mlango mmoja. Akiingia mtu unajua ni nani na ana shida gani. Sasa hii minne. Nani atanisalimia?"

Hicho ndicho kipengele ambacho hakikuwamo katika barua zote saba.

Nyumba mbili zilipata bati wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua nazo, kwa adabu zote, zilichelewa mwaka ule, zikaanza siku nne baada ya bati. Katika ya kwanza aliingia Ottilia na jamaa yake. Ya pili akaingia Dafrosa na magunia yake, wote ndani, hakuna aliyelala nje.

Mzee Isidori alichomeka kijiti mpakani, akakipaka rangi nyekundu, na kila mvua kubwa akatoka na mwavuli kwenda kukikagua. Majirani wanasema hakuna mtu Mbinga aliyeyapenda mawingu kama yeye msimu ule. Februari ilinyesha siku tatu bila kupumua. Barabara ikakatika, shimo la udongo la Ottilia likabomoka, na mzee akatoka mara tatu kwa siku. Upande wa pili wa kijiti alimkuta Ottilia, amejifunika gunia la nailoni, naye anakagua.

"Shikamoo, baba," goti kwenye tope.

"Marahaba. Inuka, utaumwa."

"Umeona nini, baba?"

"Bado naangalia."

Machi, Ottilia alipanda maharage ya mzee kwenye matuta, mwezi wake kamili safari hii. Valence alikuja, akayatazama, akaandika kwenye faili kwamba ni bustani.

Kipengele cha harufu kilijifia chenyewe. Wakati wa Kwaresima mzee alionekana kwenye uzio wa michongoma akinong'onezana na Dafrosa, na akaondoka na kitu ndani ya koti.

"Kwaresima hatuli nyama," anasema mzee kwa ukali. "Usipa ni mboga ya toba."

"Kwaresima imeisha Machi," Dafrosa anajibu kutoka upande wa pili wa uzio. "Mzee wetu bado anatubu."

Wiki iliyopita taipureta ilisikika tena. Ottilia alipanda ofisini bila kunawa udongo miguuni, na Valence akamsomea barua ya nane. Ilikuwa fupi kuliko zote. Ilisema kwamba katika msimu mzima maji hayakufika kwenye kahawa ya mwandishi, na kwamba kutoa taarifa hii kusichukuliwe kuwa amekubali.

Kamati inakutana Alhamisi. Valence anasema hawezi kuahidi, kamati ina wajumbe sita na kila mmoja ana kichwa chake. Kuna wanaosema nyumba mbili zinatosha kiwanja kile. Ottilia anafyatua hivyo hivyo. Matofali elfu nne yamekwisha kauka. Elfu tano zimebaki. Zikiruhusiwa nyumba, anasema, Juni mwakani atakuwa amekaa kizingitini anachambua maharage yake, na wengine waingie kwenye maji baridi kwa zamu yao.

Saa nane mchana anapanda kutoka bondeni, udongo umemkaukia miguuni kama soksi. Uwanjani anamkuta mzee Isidori amesimama kati ya kamba na vigingi, anakigonga kimoja kwa fimbo. Ottilia anapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiki ni cha nini?"

"Kona ya nyumba ya nne, baba. Kama watakubali."

"Na mlango?"

"Utaelekea barabarani. Si ulisema isielekee kwako?"

Mzee anatazama barabara. Anatazama nyumba yake mwenyewe, kibaraza chake na kile kiti.

"Ukielekea barabarani," anasema, "mimi nitajuaje nani amekuja?"

Urbani, kwenye kibanda chake cha useremala, ameacha hata kupiga randa.

"Ugeuze," anasema mzee, na anaanza kushuka. Kwenye tuta la mwisho anasimama, anachuma ganda moja la maharage, analipasua na kuonja mbegu mbichi. "Lakini mimi sijakubali."

"Nimesikia, baba."

Ottilia anainuka. Anaking'oa kigingi, anahesabu hatua tatu, anakipigilia upya kwa kipande cha tofali. Ukutani Urbani ameshika kitambaa, anaufuta vumbi mlango wa nne.